Yatima Mwenye Jina: Uhakiki wa Simulizi za Wanyama Waliookolewa katika Vituo vya Elimu ya Uhifadhi vya Uganda, Rwanda na Kongo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki simulizi wanazopewa wanafunzi na wageni kuhusu wanyamapori waliookolewa na kuwekwa katika vituo vya elimu ya uhifadhi. Maelezo ya mwongoza wageni, kibao kilichopo uzioni na picha inayosambazwa mtandaoni yanachukuliwa hapa kuwa matini moja yenye fanani, hadhira na muundo wake. Hoja inayojengwa ni kwamba simulizi hiyo, kwa namna ilivyozoeleka, humalizika pale ambapo kazi ya kituo huanza. Humsifu mwokoaji, humtaja yatima kwa jina lake, kisha huyaacha nje malezi ya miaka mingi ambayo ndiyo gharama halisi na ndiyo somo lenyewe. Mifano imetolewa Entebbe na kisiwa cha Ngamba nchini Uganda, Kigali nchini Rwanda, na Rumangabo na Kinshasa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Makala yanawalenga pia washauri wa sera, hasa wakati huu ambapo Kiswahili kinaingia rasmi katika taasisi za umma za nchi hizo.

1.0 Utangulizi

Mwezi Aprili 2018 alikufa Entebbe sokwe mtu aliyeitwa Zakayo, akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 54. Alikuwa ameishi tangu 1976 katika taasisi ambayo leo huitwa Kituo cha Elimu ya Uhifadhi wa Wanyamapori cha Uganda. Mtoto aliyemwona Zakayo katika mwaka wake wa kwanza pale angeweza kumleta mjukuu wake amwone kabla hajafa. Miaka 42 ni mirefu kuliko utumishi wa walimu wengi wa shule za msingi, na katika miaka hiyo yote kulikuwa na mtu aliyepaswa kuamka asubuhi, kukata matunda, kusafisha banda, kutazama kinyesi, kusikiliza kikohozi na kuandika alichokiona.

Mtu huyo ndiye chanzo cha makala haya, kwa sababu katika simulizi za vituo vyetu hayumo. Anayejulikana ni Zakayo. Magazeti yalimwombolezea, wageni walikuwa na picha zake, na jina lake la Biblia lilirahisisha utani, kwa kuwa Zakayo wa Injili naye alipanda mti. Kazi iliyomfikisha uzeeni haina hadithi.

Kituo chenyewe kilianza mwaka 1952, wakati wa ukoloni, kama mahali pa kupokelea wanyama waliojeruhiwa, walioachwa na mama zao au walionyang'anywa wawindaji. Baadaye kikawa bustani ya wanyama ya kawaida. Mwaka 1994 kikageuzwa kuwa cha elimu, na mwaka 2015 Bunge likakipa sheria yake. Mabadiliko hayo ya majina yana maana kwa mhakiki. Mnyama anayepokelewa kwa ajili ya tiba ni mgonjwa, anayewekwa ili atazamwe ni maonyesho, na anayewekwa ili afundishe ni mwalimu. Sokwe ni yuleyule na uzio ni uleule. Kilichobadilika ni simulizi, na kwa hiyo simulizi ndiyo inayostahili kuhakikiwa.

Neno la tahadhari linafaa hapa. Sikusudii kuvilaumu vituo kwa kuwepo. Sokwe aliyepoteza mama na kundi lake hawezi kufunguliwa mlango tu na kuambiwa aende. Kwa watoto wengi wa Kampala, Kigali au Kinshasa, kituo cha aina hii ndicho mahali pekee watakapomwona mnyamapori akiwa hai, kwa sababu safari ya mbugani ni ndefu na ghali kwa mzazi wa kawaida. Anayetaka vituo hivi vifungwe hana budi kueleza watoto hao watajifunzia wapi na wanyama hao watapelekwa wapi. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo, ingawa nadhani ni ngumu zaidi.

2.0 Fisi wa ngano na fisi wa uzioni

Mtoto wa Afrika Mashariki na Kati hafiki uzioni akiwa mtupu. Amekwisha kukutana na fisi mlafi, sungura mjanja, simba anayedanganywa na chui asiyeaminika. Fisi wa ngano hali mzoga kwa sababu mfumo wa ikolojia unamhitaji. Hula kwa sababu ni mroho, na uroho wake ni wetu. Fasihi simulizi haikukusudia kufundisha zuolojia. Mwongoza wageni aliye hodari hulijua jambo hili, na mara nyingi huanzia hapohapo. Huwauliza watoto wanajua nini juu ya fisi, huwaacha wacheke, kisha hueleza taya zake, uongozi wa majike katika ukoo wake, na kazi yake ya kusafisha mbuga. Huyu ni fanani kamili. Anaichukua hadhira ilipo na kuihamisha.

Tatizo huja anapofika kwa mnyama mwenye jina. Hapo ngano inarudi kwa mlango wa nyuma. Yatima alikuwa na mama, watu wabaya wakamuua mama, watu wema wakamwokoa yatima, sasa ana furaha. Muundo huu una hatua zilezile za hadithi tulizozijua utotoni: kuondokewa, mateso, msaidizi na mwisho mwema. Tofauti ni kwamba mhusika yupo mbele yetu na hatuwezi kusema hadithi yake imekwisha, maana kesho asubuhi atahitaji chakula.

Sarufi ya Kiswahili inaliongezea suala hili uzito ambao wataalamu wa uhifadhi, waliosoma taaluma yao kwa Kiingereza au Kifaransa, mara nyingi hawauoni. Katika Kiswahili mnyama yeyote huchukua upatanisho wa viumbe hai. Kifaru anakula, kipepeo ameruka, nyoka yule. Hatuhitaji kumpa chatu jina la mtu ili sarufi imtambue kuwa ana uhai; amekwisha kutambuliwa. Kwa hiyo jina la kupewa halimwongezei mnyama hadhi ya uhai katika lugha yetu. Kinachoongezeka ni umiliki. Anayempa mtoto jina ni mzazi au mlezi wake, na anayempa mbwa jina ni mfugaji. Mwongozaji asemapo 'huyu mtoto wetu' akimwonyesha sokwe dume wa miaka 20 mwenye nguvu za kumvunja mtu mkono, hatoi tashihisi isiyo na madhara. Anamweka mnyama huyo katika kundi la wafugwao.

Halafu kuna jina la spishi lenyewe. Sokwe mtu! Lugha ilikwisha kumsogeza karibu kuliko inavyofaa. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo na mipakani, gorila huitwa pia kwa neno lililotoka Kinyarwanda, ngagi, ambalo halina 'mtu' ndani yake. Nimejiuliza mara kadhaa kama watoto wa Goma humwona mnyama huyo kwa mbali zaidi kuliko wenzao wanaosema 'sokwe' kwa wote wawili. Sina jibu, lakini ni swali zuri kwa mwanafunzi wa isimujamii anayetafuta mada.

Majina yana matumizi halali. Daktari wa wanyama anahitaji kujua ni yupi aliyepewa dawa jana, na mtunzaji anahitaji kuita mmoja bila kuwaita kumi. Jina la ndani ya daftari la afya ni chombo cha kazi. Jambo jingine hutokea jina hilo linapowekwa juu ya kibao kwa herufi kubwa kuliko jina la spishi, kuliko sababu ya kukamatwa kwake na kuliko sheria iliyovunjwa.

3.0 Kuokoa hakujamalizika

Kitenzi kinachotawala simulizi hizi ni 'kuokoa'. Katika Uganda na Rwanda hakiwezi kusikika bila mwangwi wa uamsho wa kidini ulioanzia Gahini katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, ukawaachia Waganda neno 'balokole', waliookoka. Kuokoka kwa maana hiyo ni tukio lenye siku na saa. Mtu husema aliokoka lini. Kabla ya hapo alikuwa gizani, baada ya hapo yumo nuruni.

Simulizi ya kituo huazima umbo hilo. 'Ameokolewa' husemwa kwa hali timilifu, kana kwamba jambo limefika mwisho. Lakini tazama kinachofuata. Sokwe mchanga anayeletwa kutoka mikononi mwa mfanyabiashara haramu hutengwa kwanza katika karantini kwa wiki kadhaa, mara nyingi miezi 3, akipimwa kifua kikuu, minyoo na maradhi mengine ambayo huenda aliyapata kwa binadamu. Hulishwa maziwa kwa chupa usiku na mchana. Baadaye huingizwa kwa hatua katika kundi la wageni wake, kazi inayoweza kuchukua miezi na inayoweza kumalizika kwa kung'atwa vibaya. Akipona yote hayo, ana miaka 40 au 50 mbele yake. Vitenzi vinavyofaa ni kulea, kuuguza, kulisha, kuvumiliana naye, na wakati wake ni uliopo unaoendelea: anatunzwa.

Kisiwa cha Ngamba ni mfano unaofundisha. Kilipokea sokwe mtu 19 mwaka 1998, na kipo takriban kilomita 23 kwa maji kutoka Entebbe. Mgeni akifika huona msitu, husikia kelele za kundi kabla hajaliona, na huondoka akiamini kwamba ameona uhuru. Kwa kiasi fulani ameuona. Lakini kisiwa hicho kina takriban hekta 40 tu, na msitu wa ukubwa huo hauwezi kulilisha kundi lote. Chakula huja kwa mashua na wanyama hulishwa mara kadhaa kwa siku. Majike hupewa dawa za kuzuia mimba, kwa kuwa kila mtoto anayezaliwa huko huchukua nafasi ya yatima ambaye bado hajafika. Wageni huwatazama kutoka kwenye jukwaa saa ya kulishwa, upande wa pili wa uzio wa umeme.

Hakuna aibu katika mambo hayo. Ni uamuzi wa busara uliofanywa na watu wanaojua hesabu ya nafasi. Ajabu ni jinsi mambo hayo yanavyoonekana kuwa maelezo ya pembeni, ya kujibiwa mgeni akiuliza, wakati ndiyo yanayoeleza kwa nini biashara ya sokwe wachanga ni msiba. Msitu ukishapoteza mama mmoja, binadamu hulazimika kujenga kisiwa, uzio, jiko, zahanati na mpango wa uzazi, na bado hawezi kumrudisha mtoto alikotoka. Mwanafunzi akiambiwa hivyo hatahitaji kuambiwa pia kwamba ujangili ni mbaya.

Mwezi Machi 2020 janga la korona lilipofunga milango, ukweli huu ulijionyesha wenyewe. Vituo vilivyotegemea viingilio vya wageni vilibaki bila mapato huku midomo ikibaki ileile. Nadhani hakuna kibao kilichowahi kufundisha gharama ya matunzo kama miezi ile ilivyofundisha, ila hapakuwa na mwanafunzi wa kufundishwa.

4.0 Picha ya Rumangabo

Gorila wa milimani Ndakasi alipatikana mwaka 2007 katika Hifadhi ya Virunga akiwa na umri wa takriban miezi 2, amemng'ang'ania mama yake aliyekwisha kuuawa. Alilelewa na walinzi, na baadaye aliishi katika kituo cha Senkwekwe huko Rumangabo. Mwaka 2019 dunia nzima ilimwona katika picha iliyopigwa kwa simu, yeye na mwenzake Ndeze wakiwa wamesimama wima nyuma ya mlinzi wao kana kwamba nao wanasubiri kupigwa picha. Tarehe 26 Septemba 2021 alikufa kwa maradhi, mikononi mwa André Bauma, aliyekuwa mlezi wake tangu siku za mwanzo. Picha ya saa hizo nayo ilienea.

Ni vigumu kuzihakiki picha hizi bila kuonekana mtu asiye na moyo. Ninazihakiki kwa sababu zina nguvu.

Picha ya pili, ya kifo, kwa maoni yangu ndiyo iliyo kweli zaidi kuhusu matunzo. Inaonyesha mwili mzito, uchovu, na mtu aliyekaa sakafuni bila la kufanya ila kukaa. Ya kwanza inachekesha, na kicheko chake kinategemea wazo kwamba gorila ni watu waliovaa manyoya. Hifadhi yenyewe ilihisi hatari hiyo. Picha iliposambaa, ililazimika kueleza kwamba ilipigwa katika mazingira ya pekee na kwamba hairuhusiwi kamwe kumsogelea gorila porini. Maelezo yalikuwa sahihi, lakini yalikuwa maneno, na picha ilikwisha kuenda mbali kuliko maneno yanavyoweza kwenda. Wakati huohuo, umbali waliowekewa watalii wa gorila katika eneo zima la Virunga ulikuwa mita 7, na tangu janga la korona vituo vingi vya kutazamia vimetaka mita 10 na barakoa, kwa sababu mafua ya binadamu yanaweza kuua familia ya gorila. Mwanafunzi ana picha moja isiyo na umbali hata wa sentimita moja, na kanuni moja ya mita 10. Tunajua atakachokikumbuka.

Utafiti wa Stephen Ross na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, unalithibitisha jambo hili upande wa sokwe mtu. Watu nchini Marekani walioonyeshwa picha ya sokwe akiwa na binadamu kando yake walielekea zaidi kuamini kwamba sokwe porini hawana shida, na kwamba anafaa kufugwa, kuliko walioonyeshwa picha isiyo na binadamu. Haikuhitajika sokwe avae suruali. Mtu kusimama karibu naye kulitosha. Matokeo ya Marekani hayapaswi kuhamishiwa kwetu kichwakichwa, maana jirani wa msitu wa Budongo ambaye mihogo na miwa yake huliwa na sokwe ana uhusiano mwingine kabisa na mnyama huyo. Hata hivyo, nilichokiona kwa macho yangu kinafanana nayo. Katika kituo kimoja cha ukanda huu, ambacho sitakitaja, nilifuatana na kundi la darasa la tano. Waliruhusiwa kumshika kitoto cha tumbili. Msichana mmoja, mpole na makini, alikishika vizuri kuliko wenzake, akakirudisha, kisha akamwuliza mwongozaji, 'Mnauza kwa bei gani?' Watu wazima walicheka. Yule msichana hakucheka. Alikuwa ameelewa vilevile alivyofundishwa.

Ugumu halisi upo hapa, na sitaki kuupita haraka. Matunzo yenyewe huhitaji mguso. Katika kituo cha Lola ya Bonobo karibu na Kinshasa, kilichoanzishwa na Claudine André, kila bonobo mchanga hukabidhiwa mwanamke anayeitwa 'maman', na kwa miezi mingi hukaa kifuani au mgongoni mwake. Bila mwili wa kushikilia, kitoto hicho hudhoofika na huweza kufa hata kikipewa maziwa. Baadhi ya bonobo waliolelewa hivyo wamerudishwa msituni, katika eneo la Ekolo ya Bonobo, tangu mwaka 2009. Kwa hiyo huwezi kusema tu 'marufuku kugusa'. Mguso wa maman ni tiba, una kipimo na una mwisho. Mguso wa mgeni ni burudani. Kwa jicho la kamera yote mawili ni kitu kimoja, mtu aliyembeba bonobo. Hapo ndipo fanani anapohitajika zaidi na ndipo mara nyingi ananyamaza, kwa sababu picha hiyo ndiyo inayoleta wafadhili. Mpango wa 'kuasili' yatima kwa mchango wa kila mwezi unategemea sura na jina. Ningependa neno 'kuasili' lisitumike katika mipango hiyo kwa Kiswahili. Mtu haasili gorila. Anafadhili mshahara, dawa na mafuta ya mashua, na hakuna ubaya kusema hivyo.

5.0 Korongo wasioruka

Kwa mtazamo wangu, simulizi iliyo bora zaidi katika eneo letu haimhusu nyani wala simba. Inamhusu ndege, na ipo Kigali.

Korongo taji, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi na ambaye Waganda wamemweka katika bendera yao, ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka tangu mwaka 2012. Nchini Rwanda adui yake hakuwa mwindaji mwenye bunduki tu. Alikuwa mtu aliyempenda. Umusambi ni ndege wa fahari, ishara ya ukwasi na umri mrefu, na kwa hiyo hoteli na nyumba za wenye uwezo zilipenda kuwa naye bustanini. Ili asiruke alikatwa manyoya ya mabawa au kuvunjwa bawa. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na shirika lake walianza kuwaandikisha korongo wote waliofungwa majumbani, wakiwaalika wenyewe wawatoe bila kuadhibiwa. Walioweza kupona walipelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera, wakazoezwa upya, wakaruka. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu korongo 487 nchini humo, na sensa za miaka iliyofuata zimepita mara mbili ya idadi hiyo. Si haki kuyahesabu mafanikio yote hayo kwa uokoaji, maana ulinzi wa mabwawa na kazi ya jamii zinazoyazunguka vimechangia sana.

Waliobaki ni wale ambao mabawa yao yalivunjika pasipo kupona. Hao wamewekwa katika kijiji cha Umusambi, bwawa lililorudishiwa uoto wake kandokando ya jiji, ambamo wageni hutembea kwa njia za miguu na korongo hutembea wanakotaka. Hawawezi kuondoka. Lakini angalia simulizi inayowezekana mahali hapo. Mgeni anapouliza kwa nini ndege huyu haruki, jibu haliwezi kukwepa tendo lililofanywa na watu wa heshima, majirani, pengine baba yake mwenyewe. Hakuna jangili wa kutupiwa lawama. Kilichomvunja ni upendo uliogeuka ufugaji. Somo lipo ndani ya mwili wa ndege, na kituo hakina haja ya kulipamba.

Kuna jingine ninalolisifu pale. Mnyama asiyetoka yupo kandokando ya ndege wa porini wanaokuja na kuondoka, kwa sababu bwawa limewavuta. Mtoto huona yule aliyevunjwa na yule mzima katika mtazamo mmoja. Katika vituo vingi vyetu tofauti hiyo haionekani, kwa kuwa kila kinachoonekana kipo nyuma ya waya.

6.0 Wasiofika darasani

Simulizi za vituo zina upungufu mwingine usioweza kurekebishwa na mwongozaji hodari. Zinatungwa na wanyama waliosalia hai. Kakakuona, mmoja wa mamalia wanaouzwa kimagendo kuliko wengine wote duniani, hula mchwa na siafu, hushtuka upesi na hufa upesi anapofungwa. Wengi wanaokamatwa hawafiki kituoni, na wanaofika hawakai muda wa kuwa mwalimu wa mtu. Matokeo yake ni kwamba mtaala wa uzioni huamuliwa na ustahimilivu wa spishi, wala si ukubwa wa tishio. Simba yupo, chui yupo, sokwe yupo. Kakakuona hayupo, na mtoto huondoka bila kujua kwamba hakumwona. Kituo kingeweza kuweka banda tupu lenye kibao kinachoeleza kwa nini ni tupu. Sijaona kilichothubutu. Hata idadi ya waliokufa mwaka uliopita, ambayo kila kituo kinaijua, ni nadra kuandikwa mahali ambapo mgeni anaweza kuisoma.

7.0 Vibao na wenye kuviandika

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo. Vibao vya Kiswahili vitakuja, na kwa desturi yetu vitatafsiriwa kutoka Kiingereza au Kifaransa kwa haraka, karibu na ufunguzi wa jengo, na mtu ambaye hakuwahi kumwuliza mtunzaji chochote. Kibao cha chuma hukaa miaka 20. Neno lililokosewa hukaa nalo.

Kwa hiyo napendekeza kazi ya istilahi ifanyike mapema, na ifanyike uzioni. Kiswahili kina mnyama wa kufugwa na mnyama wa porini, lakini hakina neno lililotulia la mnyama wa porini asiyeweza kurudi porini wala hapaswi kufugwa. 'Yatima' hakifai kwa sokwe wa miaka 40. 'Aliyeokolewa' humaliza habari kabla ya wakati wake. 'Mfungwa' ni kweli nusu, nayo inaudhi. Watunzaji niliozungumza nao wanayo maneno yao. Mmoja, Mganda aliyesema Kiswahili cha jeshini, aliwaita wanyama wake 'wakaaji'. Mwingine, upande wa Kivu, alisema 'wale wa kubaki', akiwatenganisha na 'wale wa kwenda', yaani wanaoandaliwa kurudishwa msituni. Hayo ni maneno ya kazi, yaliyotokana na kupanga chakula na mabanda, na yanabeba habari ambayo 'yatima' haiwezi kuibeba.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina mamlaka ya kuratibu shughuli za aina hii, na vyuo vyetu vina wanafunzi wa umahiri wanaotafuta data. Washauri wa sera wanaweza kudai katika kila mkataba wa ufadhili wa kituo mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: kibao kieleze mnyama alifikaje na kwa nini hawezi kuondoka, mgeni asimguse mnyama yeyote, na sehemu ya ziara itengwe kwa mtunzaji mwenyewe azungumze kwa lugha anayoiweza. La tatu litapingwa zaidi. Itasemwa kwamba watunzaji hawana Kiingereza kizuri, kwamba hawakusomea, kwamba nguo zao zinanuka, na kwamba wageni wamelipa fedha zao ili wamwone simba.

Yule wa Kivu aliyeniambia habari za wale wa kubaki alikuwa na kazi hiyo kwa miaka mingi, na siku ile alikuwa akiosha sufuria. Nilimwuliza huwaambia nini watoto wa shule wanapokuja. Akasema hajawahi kuulizwa na mtoto, kwa sababu wakati wa ziara yeye huwa jikoni.